Zawadi London, Sumu Berlin

Pipa la kemikali likiandikwa Gift nchini Ujerumani, kando ya neno hilo huchorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Kwa Mwingereza, herufi hizo hizo nne huandikwa juu ya boksi analopelekewa mtoto siku yake ya kuzaliwa. Ukivuka kwenda Uswidi unalikuta tena, na huko lina kazi mbili: ni sumu, na pia ni sifa ya mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa.

Zamani mambo haya yaliwahusu wasomi wachache. Leo yanawagusa vijana wengi wa Afrika Mashariki. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano kuhusu uhamaji wa wafanyakazi, na hata kabla ya hapo wapo waliokuwa wakijifunza Kijerumani Nairobi na Dar es Salaam kwa nia ya kwenda kufanya kazi ya uuguzi au ufundi. Wengi huingia darasani wakiwa tayari wanajua Kiingereza, na hukifanya daraja. Mara nyingi daraja linawavusha: Hand ni hand, Milch ni milk. Kisha wanakanyaga ubao uliooza. Rezept inafanana na neno la Kiingereza la risiti, kumbe ni cheti cha daktari cha kuchukulia dawa. Chef wanadhani ni mpishi, kumbe ni bosi wa kazi. Bekommen wanaisoma kama become, yaani kuwa, kumbe ni kupata.

Hapo ndipo maelezo ya kila aina yanapozuka. Orodha za maneno yanayofanana husambaa kwenye simu, mmoja akizitumia kuthibitisha kwamba lugha zote za dunia zilikuwa moja, mwingine akihitimisha kwamba asili za maneno ni ubahatishaji mtupu. Swali ni moja: sura ya neno ikifanana katika lugha mbili, inatuambia nini kuhusu asili yake, na anayejifunza aitegemee kwa kiasi gani?

Neno lilivyopita

Historia ya Gift inajulikana vizuri. Lugha za Kijerumaniki, yaani ukoo wa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, zilikuwa na kitenzi cha kutoa, ambacho leo ni give kwa Kiingereza na geben kwa Kijerumani. Katika kitenzi hicho likaundwa jina: kitu kinachotolewa. Hilo ndilo gift la mwanzo, na halikuwa na sumu ndani yake.

Waskandinavia walilitumia kwa kutoa kwa maana ya ndoa: binti hutolewa na wazazi wake, naye aliyetolewa ni gift. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha mali anayotoa mwanamume ili apate mke, na sauti yake ya mwanzo ilikuwa karibu na y. Hiyo g nzito ya leo ililetwa na Waviking waliohamia Uingereza na lugha yao. Kwa hiyo hata Mwingereza, anayeonekana kuwa ndiye aliyelinda maana ya asili, neno analotamka limepitia kinywa cha mgeni.

Wajerumani walipita njia nyingine. Waganga wa zama za kati walifuata vitabu vya Kilatini na Kigiriki, ambamo kipimo cha dawa kiliitwa dosis, yaani kitu kilichotolewa. Ni neno hilo hilo lililotufikia sisi kupitia Kiingereza likawa dozi. Wajerumani walilifasiri kwa neno lao wenyewe la kitu kilichotolewa: Gift. Dozi inaponya, na dozi inaua. Kadiri miaka ilivyopita upande wa kuua ukameza ule mwingine, na zawadi ikatafutiwa jina jipya, Geschenk. Maana ya kale haikufa kabisa. Imejificha ndani ya Mitgift, mali anayokuja nayo bibi harusi kutoka kwao.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Anayekwenda dukani kutafuta dawa ya panya hatafuti cha kumponya panya. Tunasema pia kwamba fulani ametiliwa kitu kwenye chakula, na kila mtu anaelewa kitu gani. Watu wengi duniani huona vibaya kuitaja sumu kwa jina lake, hivyo huiazimia jina la kitu kisicho na hatia. Poison ya Kiingereza na Kifaransa imetokana na potio ya Kilatini, yaani kinywaji tu. Pharmakon ya Kigiriki ilikuwa dawa na sumu kwa pamoja, sawasawa na dawa yetu.

Msimamo wa kwanza: yanafanana, basi ni ndugu

Huu ndio msimamo wa kale zaidi na unaopendwa zaidi. Mwaka 1569 Johannes Goropius Becanus, daktari wa Antwerp, alichapisha kitabu alimodai kwamba lugha ya bustani ya Edeni ilikuwa lahaja ya Kiholanzi ya kwao. Ushahidi wake ulikuwa maneno yanayofanana, akiyakatakata na kuyaunga mpaka yaseme alichotaka. Hakuwa mjinga. Alikuwa msomi mkubwa asiyekuwa na kipimo cha kumzuia.

Msimamo huu una nguvu yake. Mara nyingi uko sahihi, na Gift yenyewe ni shahidi: zawadi ya London na sumu ya Berlin ni watoto wa mama mmoja. Brand ni mfano mwingine. Kwa Kijerumani ni moto unaoteketeza nyumba, kwa Kiingereza ni jina la bidhaa. Mtu angesema havihusiani, lakini mfugaji anaona mara moja kinachoviunganisha: ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto, na chapa ya mwenye mali ikawa chapa ya biashara.

Udhaifu wake ni kwamba hauna breki. Burro ni punda kwa Mhispania na siagi kwa Mwitaliano. Lugha hizi mbili ni binti za Kilatini, zinakaribiana kiasi cha wasemaji kuelewana nusu nusu, kwa hiyo kishawishi cha kutafuta hadithi ya punda aliyebeba siagi ni kikubwa. Hadithi hiyo haipo. Burro ya punda inatokana na burricus, farasi mdogo katika Kilatini cha mwishoni. Ile ya siagi inatokana na butyrum, ambalo Kilatini kililipokea kutoka Kigiriki. Maneno mawili yalianza safari mbali na yakasuguliwa na vinywa vya watu mpaka yakafanana. Vivyo hivyo pain, mkate kwa Mfaransa na maumivu kwa Mwingereza: moja limetokana na panis, mkate, jingine na poena, adhabu. Haya hata hayasikiki sawa yakitamkwa. Yamekutana kwenye karatasi tu.

Bahati huenda mbali kuliko watu wanavyodhani. Katika lugha ya Mbabaram ya Queensland, Australia, mbwa aliitwa kwa neno linalokaribiana mno na dog ya Kiingereza, na wachunguzi wameonyesha kwamba lilitokana na neno refu zaidi la Australia kwenyewe, bila mkono wa Mwingereza. Jicho ni mati kwa Kigiriki cha leo na mata kwa Kimalei, na hakuna uhusiano. Sauti ambazo mdomo wa binadamu huzipenda ni chache, na maneno mafupi ni mengi. Kiswahili chenyewe kina meza ya kulia chakula, iliyotoka kwa mesa ya Wareno, na meza ya kupitisha chakula kooni, kitenzi cha Kibantu chenye ndugu kama mira ya Kiganda. Chakula kinaunganisha maana hizo mbili vizuri kabisa, na bado hazihusiani hata kidogo.

Kosa la aina hii huweza pia kuacha alama ndani ya lugha. Island, kisiwa kwa Kiingereza, haikuwa na herufi s. Waandishi waliiingiza karne ya 16 kwa kudhani neno hilo ni ndugu wa isle, lililotoka kwa insula ya Kilatini. Si ndugu, na watoto wa shule wanaandika herufi wasiyoitamka mpaka leo.

Msimamo wa pili: historia haimsaidii msemaji

Wengine wamechoshwa na hadithi za asili na wanasema tuziache. Msingi wa hoja yao unatoka kwa Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, baada ya kifo chake. Alifundisha kwamba hakuna kitu katika umbo la neno kinacholazimisha maana yake. Neno hupata maana kwa nafasi yake kati ya maneno mengine ya lugha hiyo, leo hii. Mjerumani akisema Gift hafikirii kutoa. Anafikiria sumu, basi. Ukimwambia muuguzi mgeni kwamba zamani ilikuwa zawadi, umemwongezea mzigo wa bure.

Huu ni msimamo wenye nidhamu, na usalama wa watu uko upande wake. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitali akiwa hana fahamu. Familia yake, wasemaji wa Kihispania, ilitumia neno intoxicado, wakimaanisha amedhuriwa na kitu alichokula. Madaktari walisikia intoxicated, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya, kumbe alikuwa anavuja damu kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi iliisha kwa fidia ya takriban dola milioni 71. Maneno hayo mawili ni ndugu halisi. Yote yametokana na jina la Kigiriki la sumu ya mishale, na toxon ni upinde. Undugu wao haukumsaidia kijana yule. Ndio uliomponza, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa na hakuna aliyeona haja ya kumwita mkalimani wa kazi hiyo.

Hata hivyo msimamo huu una gharama isiyotajwa sana. Maneno yanayofanana yanayodanganya ni machache kuliko yanayosema kweli. Anayejua Kihispania akaambiwa asiamini mfanano wowote anaposoma Kitaliano, amepewa kazi ya kukariri upya maelfu ya maneno ambayo tayari anayo. Tena haumwelezi kwa nini mitego imejaa mahali fulani na haipo pengine, na mwanafunzi asiyeelezwa sababu hukariri leo akasahau kesho.

Msimamo wa tatu: tazama tofauti zenye mpango

Mwaka 1786 jaji Mwingereza William Jones, akiwa Kalkuta, alisema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kwa namna isiyoweza kuwa ya bahati. Rasmus Rask wa Denmark mwaka 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani mwaka 1822, walionyesha kinachofanya ushahidi wa undugu uwe ushahidi. Mfanano pekee hautoshi. Kinachotakiwa ni tofauti inayojirudia kwa utaratibu. Palipo na p katika Kilatini, lugha za Kijerumaniki zina f: pater, father. Palipo na k, iliyoandikwa c, zina h: cornu na horn kwa pembe, centum na hundred kwa mia, canis na Hund kwa mbwa.

Sasa tazama haben ya Kijerumani na habere ya Kilatini. Sura moja, maana moja: kuwa na kitu. Ungetafuta ndugu wa wazi kuliko hawa usingewapata, na ndiyo sababu wanashukiwa. Kwa kanuni ya Grimm, h ya Kijerumani inapaswa kulingana na c ya Kilatini, kwa hiyo ndugu wa haben ni capere, kushika. Nayo h ya Kilatini kwa kawaida hulingana na g: hortus na Garten kwa bustani, heri na gestern kwa jana. Basi habere anatafutiwa nduguze kwenye g, na wanaisimu wengi humwunganisha na geben, kutoa. Neno la Kilatini la kuwa na kitu linaangukia ukoo ule ule uliozaa Gift, huku pacha wake wa sura, haben, akiwa mtu baki.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni hostis. Katika Kilatini tunachokisoma neno hili ni adui, lakini Cicero, karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba wazee walilitumia kwa mtu yeyote aliyetoka nje. Kwa kanuni ya h na g, ndugu yake wa Kijerumani ni Gast, na wa Kiingereza ni guest: mgeni anayekaribishwa. Mtu mmoja aliyesimama mlangoni amekuwa adui kwa huyu na mgeni wa heshima kwa yule. Kiswahili hakikuyatenga: mgeni wetu ni asiyejulikana na ni anayetengewa chakula. Kutoka ukoo huo ndipo Kilatini kikapata hospes, mwenye kukaribisha wageni, likazaa hospitali, hosteli na hoteli. Hôtel ya Mfaransa bado inabeba maana kadhaa: pa kulala wageni, jumba la tajiri mjini, ofisi ya manispaa, na katika jina Hôtel-Dieu ni hospitali. Kwetu hoteli ni hata kibanda cha chai na chapati.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ni ngumu na ya polepole. Inahitaji maandishi ya kale, na nyuma kabisa hubaki mahali ambapo wataalamu wenyewe wanagawanyika. Hata ikishinda, haimwambii mtu neno lina maana gani leo.

Kinachozihamisha maana

Sababu kubwa ya kwanza ni mzizi wenye maana pana unaobanwa na kila jamii upande wake. Kicheki kina čerstvý, na Kirusi kina neno hilo hilo kwa matamshi yake. Kwa Mcheki mkate wa namna hiyo ni mpya, umetoka jikoni sasa hivi. Kwa Mrusi ni mkate uliolala na kukauka. Asili yake ni imara, ngumu, na ugumu huo mmoja aliuona kama nguvu, mwingine kama uchakavu. Pozor kwa Mcheki ni tahadhari na kwa Mrusi ni aibu, kwa kuwa mzizi ni kutazama: tazama unakokwenda, au tazamwa na watu kwa ulichofanya. Uroda ya Kipolandi ni uzuri wa sura, na urod ya Kirusi ni kiumbe mwenye sura mbaya, zote zikianzia kwenye namna mtu alivyozaliwa.

Sababu nyingine ni kukopa mara mbili. Kiingereza kilichukua neno la Kifaransa la kichwa na mkuu kikapata chief, na baada ya karne nyingi kikalirudia likiwa chef, mkuu wa jikoni. Nasi tumeyapokea yote mawili: chifu wa lokesheni nchini Kenya na shefu wa hoteli ya kitalii ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Neno likikopwa huja na mazingira yake. Igreja ya Wareno ni kanisa, ila makanisa yao pwani yetu yalikuwa ndani ya ngome, jina likahamia kwenye ngome, na ngome zilipotumiwa kufungia watu likawa gereza.

Mamlaka nayo huingilia. Bilioni ilianza kwa Mfaransa Nicolas Chuquet, mwaka 1484, ikiwa ni milioni mara milioni. Baadaye Wafaransa waliishusha hadi milioni elfu moja, Wamarekani wakaiga, kisha Ufaransa ikarudi rasmi kwenye hesabu ya kale mwaka 1961. Uingereza ikafanya kinyume mwaka 1974 kwa kuifuata Marekani. Matokeo yake tunayo hapa. Bilioni inayotajwa Dodoma au Nairobi, katika nyaraka za Kifaransa za Kinshasa ni milliard, na billion ya Kifaransa ni trilioni yetu. Mfasiri akiifuata sura, fedha inazidi au inapungua mara elfu.

Uzito unalala wapi

Kuhusu asili, msimamo wa tatu hauna mshindani. Wa kwanza unauliza swali zuri kisha unalijibu kwa macho, na macho ndiyo yanayodanganywa. Anayetuma orodha ya maneno 20 yanayofanana hajathibitisha kitu mpaka aonyeshe sauti zinazotofautiana kwa mpango ule ule katika maneno mengi.

Kuhusu mwanafunzi, hasa anayekwenda wodini, naona usalama utangulie. Sioni busara ya kumtaka ashuku kila mfanano, wala ya kumwacha auamini wote. Na hapa walimu wetu wana nafasi wasiyoitumia vya kutosha. Mitego mingi niliyoitaja inatokana na kupitia Kiingereza. Kamusi na madarasa yanayotoka Kijerumani moja kwa moja hadi Kiswahili yatakwenda taratibu zaidi mwanzoni, kwa sababu mwanafunzi ananyimwa zile Hand na Milch za bure, lakini Gift ikiandikwa sumu tangu siku ya kwanza, hakuna zawadi ya kuja kumchanganya.

Ningeanza na orodha fupi ya maneno ya hatari, yale ya dawa, vipimo, moto na umeme, kila moja likiwa na Kiswahili chake pembeni na picha ya mahali linapobandikwa. Historia ingengoja muhula wa pili, pale mwanafunzi anapokutana na die Mitgift na kuuliza bibi harusi huyu anakuja na sumu gani. Swali hilo akiliuliza mwenyewe, atakuwa tayari kusikia habari za dosis, na dozi, na dawa ya panya.